Dar Iliyotulia: Mtaa kwa Mtaa, Siku kwa Siku

Jumamosi jioni: pa kulala

Mgeni akiuliza sehemu tulivu za Dar es Salaam, wenyeji humtajia majina: Coco, Kigamboni, Bustani ya Mimea. Majina hayo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni siku na saa. Coco Beach ya Jumapili jioni imejaa muziki, watoto, moshi wa mishikaki na foleni ya magari. Coco hiyo hiyo Jumatano asubuhi ina wachokoa pweza wachache na mtu mmoja mmoja anayekimbia. Posta, yaani katikati ya jiji, Jumatatu ni honi tupu. Jumapili unavuka barabara huku ukizungumza na mwenzako. Ratiba hii inafuata kanuni hiyo: kila mtaa unaendewa siku ambayo watu wake hawapo, au wapo lakini wamepumzika.

Kwanza malazi, kwa sababu gesti mbaya huharibu siku nzima inayofuata. Upanga, Kinondoni, Magomeni na Sinza ndiko kwa kufikia, maana usafiri wa kila upande unapatikana. Sinza ina gesti nyingi zenye bei za kuvumilika, lakini ina baa pia, na muziki wa Ijumaa na Jumamosi huvuka usiku wa manane. Chumba kikague usiku. Ukikikagua saa 8 mchana, baa ya jirani utaiona ni viti vitupu na mtu anafagia. Omba chumba cha nyuma kinachotazama uani. Fungua dirisha uangalie jenereta limekaa wapi: umeme ukikatika, chumba kilicho juu ya jenereta hakilaliki. Uliza kama kuna simtanki la maji, na kagua chandarua kama hakijatoboka. Msikiti ukiwa karibu utasikia adhana ya alfajiri kwenye saa 11, na ni vizuri, maana safari hizi zote zinamtaka mtu aliyeamka mapema. Jua la Dar kati ya saa 5 na saa 9 halina huruma, na unyevu wa hewa huchosha kuliko joto lenyewe.

Beba chenji. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa hadi shilingi 600 Desemba 2023, na konda akipewa noti ya 10,000 asubuhi atakwambia usubiri, kisha kituo chako kitapita. Simu iweke mfuko wa mbele. Vijana wa vishandu hupita na pikipiki na kupokonya mtu anayechezea simu ukingoni mwa barabara, kwa hiyo ukitaka kutazama ramani ingia kwanza dukani au simama nyuma ya ukuta.

Jumapili: Posta, saa 1 asubuhi

Katikati ya jiji hakukaliwi na watu wengi. Ni mabenki, wizara, mawakili na maduka, na vyote hivyo Jumapili vimefungwa. Kwa hiyo siku hii ndiyo ya kuyaona majengo yenyewe badala ya mabega ya watu.

Anzia Boma la Kale, kwenye kona ya Barabara ya Sokoine na Morogoro, mkabala na gati la boti za Zanzibar. Lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said alipokuwa akiujenga mji huu mpya pembeni ya kijiji cha Mzizima. Simama karibu na ukuta uutazame kwa pembeni, jua likiwa bado chini: chokaa ilipobanduka yanaonekana mawe ya matumbawe, yenye vijitundu kama mkate wa kumimina. Ukuta wa namna hiyo ni mnene, na ndiyo maana ndani hubaki baridi mpaka adhuhuri.

Kutoka hapo fuata Sokoine kuelekea Kivukoni, bandari ikiwa kulia kwako. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897 na kukamilika 1902. Mbele kidogo kuna kanisa la Kilutheri la Azania Front, la mwaka 1898, lenye paa la vigae vyekundu. Makanisa yote mawili Jumapili yana ibada, kwa hiyo nje kuna watu waliovaa vizuri na ndani kuna kwaya. Ukitaka kuketi ndani kimya, njoo siku ya kazi kwenye saa 8 mchana. Jumapili yatazame kwa nje, usikilize nyimbo, uendelee na safari.

Kata kushoto upande hadi Mtaa wa Samora kwenye Mnara wa Askari. Sanamu hiyo ya shaba ni ya mwaka 1927, ya kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Siku ya kazi huwezi kuyasoma, maana kuzunguka mnara wenyewe ni kuchezea maisha. Leo yasome yote.

Endelea na Samora kuelekea mashariki mpaka miti iwe mingi kuliko majengo. Hapo ndipo Bustani ya Mimea ilipo, iliyoanzishwa mwaka 1893 wakati wa Wajerumani kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Ni ndogo, ukitembea haraka unaimaliza kwa dakika kumi, kwa hiyo usitembee haraka. Tafuta benchi chini ya michikichi na usikilize tausi, ambao hulia kwa sauti kali asubuhi. Kati ya Novemba na Desemba mikrismasi huchanua na ardhi yote huwa nyekundu. Ukitoka upande wa Mtaa wa Shaaban Robert umefika Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940. Humo ndimo lilimo fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Baada ya kuona ndani, usikose bustani ya makumbusho, yenye kumbukumbu ya waliokufa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998. Watalii wengi huipita bila kusimama. Wachache wanaosimama hukaa muda mrefu.

Mambo mawili ya kuangalia Posta ya Jumapili. Chakula ni shida: migahawa ya maofisini imefungwa, kwa hiyo kula kabla, au panda hadi Kisutu na mitaa yake, ambako migahawa ya chai ya maziwa, kababu na mkate wa mayai hufungua asubuhi. La pili, utulivu huo huo ukizidi unakuwa mtego. Ikifika saa 12 jioni ondoka. Na popote ulipo karibu na Ikulu, bandari au jengo lenye askari, kamera ibaki mfukoni.

Jumatatu: Maktaba Kuu na Upanga

Siku ya kwanza ya wiki jiji lote liko barabarani, kwa hiyo leo ni siku ya kukaa. Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa Desemba 1967. Asiye mwanachama hulipa kiingilio kidogo mlangoni, begi linabaki mapokezi, na unaingia na daftari na kalamu. Wanafunzi wanaojiandaa na mitihani huwahi meza za karibu na madirisha, kwa kuwa ndizo zenye upepo na mwanga umeme ukikatika. Ukifika baada ya saa 4 utapata za katikati. Eneo hili ndilo bora kuliko yote siku ya mvua za masika, kati ya Machi na Mei, wakati mitaa ya chini inajaa maji.

Jioni, jua likishuka, tembea Upanga. Mitaa ya Mindu, Kalenga na Mazengo ina miti iliyopandwa zamani, na kivuli chake hukutana juu ya barabara. Hakuna cha kuingilia wala cha kulipia. Ni magorofa ya ghorofa tatu au nne, nguo zimeanikwa kwenye roshani, mzee kakaa getini na redio, watoto wanacheza mpira wa makaratasi. Mtaa wa Umoja wa Mataifa ndio wenye magari, uvuke uende zako.

Jumanne: Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko kilimani, kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, kwenye eneo la ekari 1,625. Sehemu kubwa ya ekari hizo ni miti. Kwa mtu aliyechoka na lami hakuna pahali ndani ya jiji panapofanana na hapa, na ni ajabu jinsi wakazi wa Sinza, walio umbali wa pua na mdomo, wanavyopita nje yake miaka nenda miaka rudi bila kuingia.

Kosa la wageni hapa ni moja. Wanamwambia konda "Mlimani", naye anawashusha Mlimani City, yaani madukani kwenye Barabara ya Sam Nujoma. Sema "Chuo Kikuu", na ukipanda gari linaloingia ndani sema "Utawala". Magari hayo yanapatikana Mwenge na Ubungo. Beba kitambulisho, maana walinzi wana haki ya kukiuliza.

Shuka Utawala, tembea hadi Ukumbi wa Nkrumah. Noti ya zamani ya shilingi 500, kabla haijawa sarafu, ilikuwa na picha ya ukumbi huu mgongoni. Kutoka hapo barabara zinateremka pande zote chini ya miti. Chagua yoyote, mradi ukumbuke kwamba ulichoteremka utakipanda. Wakati mzuri ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi, ndege wakiwa bado wanasikika, au saa 10 jioni. Saa 7 mchana wanafunzi wote wako njiani kwenda kula. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka ndiyo nzuri kupita zote.

Tumbili wa Chuo wamezoea watu na hawaogopi. Mfuko unaotoa mchakacho, kwao maana yake ni chakula. Karanga na ndizi ziweke ndani ya begi lenye zipu, usile ukitembea karibu na mabweni, na tumbili akikusogelea usimtazame machoni wala usimwonyeshe meno ukicheka. Simama, ufunge begi, aone huna kitu. Kumlisha ni kumharibia atakayepita baada yako.

Mchana ukirudi kwa njia ya Bagamoyo, shuka Makumbusho uingie Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966. Ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya ulioezekwa kwa nyasi mpaka chini, tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo. Ingia ndani ya kila nyumba, ukae dakika mbili macho yazoee giza. Stendi ya daladala iko jirani kabisa, lakini ndani ya tembe huisikii. Asubuhi za muhula huja mabasi ya shule, ndiyo maana tunakuja mchana.

Jumatano: Daraja la Tanzanite, Coco na Morogoro Stores

Leo kila kitu kinategemea maji. Kwenye pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele, mara nyingi kwa dakika 40 hadi 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huja bamvua, yaani maji kupwa sana na kujaa sana. Kanuni ya wavuvi ni rahisi kuishika: bamvua ya Dar maji hukauka mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 hadi saa 11, jioni na alfajiri. Wiki ya katikati, maji yanapokuwa mafu, ni kinyume chake. Tazama mwezi usiku uliotangulia, utajua kesho uende Coco kutembea juu ya miamba au uende kuogelea. Hapa tunachukulia Jumatano ya bamvua.

Saa 12 asubuhi anzia upande wa Upanga, karibu na Hospitali ya Aga Khan, upande Daraja la Tanzanite kwa miguu. Lilianza kutumika mwaka 2022, lina urefu wa kilomita 1.03 juu ya bahari, na lina njia ya waenda kwa miguu. Alfajiri utakutana na wakimbiaji, na upande mmoja jua linatoka baharini. Halina kivuli hata cha mkono, kwa hiyo usilivuke kati ya saa 4 na saa 10. Na wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo ni mkali kiasi cha kuondoka na kofia.

Hadi Coco ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo. Mihogo ya kukaanga bado haijawekwa kwenye mafuta. Maji yanapokwenda, mwamba wa matumbawe hutokea na kuacha vidimbwi. Vaa yeboyebo au raba kuukuu, kamwe usiende peku: mwamba unakata kama kiwembe na viumbe wenye miiba wamejificha kwenye nyufa. Wachokoa pweza huja na vijiti. Watazame kwa mbali kidogo. Mchokoaji hatafuti pweza mwenyewe, anatafuta tundu lenye vipande vya magamba ya kaa na chaza mlangoni, maana pweza hutupa mabaki ya chakula nje ya nyumba yake. Akiliona huingiza kijiti polepole na kusubiri kishikwe. Ukikanyaga mbele yake umetibua maji, na kazi yake imeharibika.

Saa ya kurudi ni pale vidimbwi vinapoanza kuunganishwa na kijito cha maji kinachotoka baharini. Usingoje maji yakufikie miguuni, kwa sababu hujaa kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe.

Kutoka Coco ingia ndani ya Oysterbay hadi Morogoro Stores, Barabara ya Haile Selassie. Hapa, chini ya mbuyu, Edward Said Tingatinga alianza kuchora na kuuza picha mwaka 1968. Alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Siku za kazi kabla ya saa 6 mchana wachoraji wameinama, wateja hawapo, na hakuna anayekuita dukani kama ukisema tu kwamba umekuja kuangalia.

Kaa nyuma ya mchoraji mmoja, usihame. Kwanza hupaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, mara nyingi rangi mbili zinazoingiliana kutoka juu kwenda chini, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya milango na baiskeli. Usuli huachwa ukauke, na hiyo peke yake ni kazi ya siku nzima au zaidi msimu wa mvua. Kisha huchorwa umbo la mnyama kwa rangi moja iliyojaa, likauke tena, ndipo yaje madoa, manyoya na macho. Doa moja linawekwa kwa ncha ya brashi iliyosimama wima, likiguswa mara moja na kuachwa. Akilirudia, rangi hutambaa na doa kupoteza duara lake. Siku za mwanzo walichora kwenye vipande vya silingibodi, siku hizi wengi hutumia kitambaa. Ukinunua, bonyeza kwa upole sehemu yenye rangi nene, hasa jicho. Ikinasa kidole, picha haijakauka, na ukiikunja itagandana na huwezi kuitenganisha bila kuibandua. Iache uifuate baada ya siku mbili. Ikiwa kavu, iviringishwe upande wenye rangi ukiwa nje.

Alhamisi: ng'ambo, Kigamboni

Asubuhi watu wa Kigamboni wanakuja mjini, jioni wanarudi. Wewe fanya kinyume chao. Kivuko cha saa 2 asubuhi kutoka Magogoni kwenda ng'ambo kina nafasi, wakati kinachotoka ng'ambo kimejaa mpaka kwenye reli. Nauli ya mtu kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Wengi hulipia kwa kadi ya N-Card, kwa hiyo iwe na salio kabla hujafika getini, maana foleni ya kujaza ni ndefu kuliko ya kuingia. Soko la samaki la Feri liko hapo hapo. Ni mahali pa kelele za mnada, pa kuona siku nyingine.

Ndani ya kivuko simama juu au pembeni, usikae kati ya magari. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Ukishuka, waache abiria wote wakimbilie magari yao, dakika tano baadaye uwanja umekuwa mtupu na bajaji wanapunguza bei wenyewe. Karibu na kivuko kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichoanza mwaka 1961 kwa jina la Chuo cha Kivukoni.

Mjimwema ni kama kilomita 7 kutoka kivukoni, na daladala zinafika. Shida ya Kigamboni ni kuta. Viwanja vya ufukweni vingi vimezungushiwa, kwa hiyo njia inayoonekana kwenye ramani inaishia kwenye geti la mtu. Uliza "njia ya wavuvi ya kushukia pwani". Kila kijiji kinayo, nayo haifungwi kwa sababu mitumbwi inapita. Hoteli za ufukweni nazo huruhusu wageni wa mchana kwa kiingilio au kwa kununua chakula, na siku ya kazi viti karibu vyote ni vyako. Ulizia kabla ya kuketi kama kiingilio kinakatwa kwenye chakula.

Leo, siku ya pili ya bamvua, maji yanakauka saa 5 na ushee. Muda huo tembea mchanga uliolowa, mgumu chini ya mguu. Kuogelea ni kuanzia saa 9, maji yakiwa yanajaa. Usiogelee maji yanapotoka. Anayetaka kwenda mbali zaidi aendelee Gezaulole na Mbwamaji, kwenye makaburi ya kale ya pwani. Rudi kivukoni saa 11 jioni: umati wote uko upande wa pili unakuja, na chombo cha kukurudisha mjini kiko wazi.

Ijumaa: Magomeni

Mtaa wa Waswahili hautafutiwi ukimya. Unatafutiwa upole, na Ijumaa alasiri Magomeni inao. Asubuhi kuna pilika za sokoni, saa 7 mchana watu wako misikitini, na baada ya sala na chakula mitaa ya ndani hupoa. Fika saa 9. Basi la mwendokasi la Barabara ya Morogoro linashusha Magomeni, ila kukiwa na mvua kubwa Bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa na barabara hufungwa. Siku hiyo zunguka kwa Kinondoni au ahirisha.

Ulizia kwanza Mtaa wa Ifunda, ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere wakati wa harakati za uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ndogo, na ndiyo faida yake: inaonyesha nchi ilipangwa kutoka vyumba vya ukubwa gani.

Kisha tembea pole pole uzitazame nyumba za Kiswahili zilizobaki kati ya magorofa. Mpango wake ni ule ule: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani nyuma palipo na jiko na choo. Baraza ndiyo sehemu ya wapita njia. Ukimkuta muuza kahawa ameweka birika lake juu ya mkaa, na ndoo ya kusuuzia vikombe pembeni, hapo pana kikao. Toa salamu kwa wote kwanza, "Assalaam aleikum", na ukiwakuta wazee ongeza "Shikamooni". Keti utakapoonyeshwa. Kama kumetandikwa mkeka, vua viatu. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata, unaimega kidogo, unanywa, unamega tena. Kikombe ni kidogo na kikiisha utajaziwa. Ukitosheka sema "Alhamdulillahi" ukirudisha kikombe. Lipa kwa sarafu, mwishoni.

Mara nyingi patakuwa na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Awamu ya namua, kete za mkononi zikiwa bado zinaingizwa moja moja, ndiyo rahisi kufuata kwa macho. Zikiisha mchezo unaingia mtaji na mikono inakwenda haraka kuliko hesabu ya mgeni. Usiguse kete, usinyooshe kidole kuonyesha shimo, na usiseme chochote mchezaji akiwa anafikiri. Maswali yote yaulize mchezo ukiisha, utapata mwalimu zaidi ya mmoja. Kupiga picha omba ruhusa, ukikataliwa usirudie kuomba.

Jumamosi: Kunduchi

Jumamosi nusu ya jiji inakwenda Mbudya, kisiwa cha hifadhi ya bahari kilicho mbele ya Kunduchi. Boti zimejaa, maboksi ya soda baridi yamebebwa vichwani. Magofu ya Kunduchi, umbali mfupi kutoka huko, hayana mtu.

Panda gari la Tegeta au Bunju kutoka Makumbusho, ushuke Mtongani, uchukue bajaji hadi Kunduchi Pwani. Patana bei ya kwenda tu, usimwache akusubiri kwa saa. Mwambie "magofuni, kwenye makaburi ya kale", kwa sababu akisikia "ufukweni" atakupeleka hotelini. Kuna kiingilio, lipa penye risiti, na kama hakuna mtu mlangoni uliza kijijini anayehusika aje, kuliko kuingia peke yako.

Magofu yana msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Tembea kwenye nguzo moja moja. Vile vishimo vya duara vilivyo kwenye nguzo ndimo zilimopachikwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Nyingi zimeshatoweka. Pitisha jicho kwenye ukingo wa kishimo, usipitishe kidole: chokaa ya miaka mingi humomonyoka ikiguswa, na kila mgeni akigusa kidogo, baada ya miaka hakuna ukingo. Usikalie kaburi wala kuegemea nguzo. Haya ni makaburi ya wazee wa watu wanaoishi kijijini hapo. Mibuyu mikubwa inatoa kivuli cha kutosha kukaa mpaka adhuhuri. Baada ya masika nyasi ni ndefu, vaa suruali na viatu vilivyofungwa, na jipake dawa ya mbu, maana mikoko iko karibu.

Ukitoka, pita soko la samaki la kijijini kabla ya saa 6. Mitumbwi ya usiku imesharudi, mnada mkubwa umekwisha, na waliobaki wanakaanga changu na kibua polepole. Chagua samaki kabla hajaingia mafutani, jicho lake liwe wazi na linang'aa, kisha taja bei. Wakimkaanga kwanza, bei ni yao.

Rudi Mtongani uwe umepanda gari la Makumbusho kabla ya saa 10. Baada ya hapo wanaotoka Mbudya na hotelini wote wanaingia Barabara ya Bagamoyo kwa wakati mmoja, na kuanzia Lugalo hadi Mwenge gari linasogea kwa hatua. Kaa upande wa kushoto. Jua la jioni liko kulia njia nzima.